Ruhusa Niliyoinyima Skripti

Kwa muda mrefu ofisini kwetu Thongpiny, mtaa wa Juba, kulikuwa na akaunti moja tu yenye maana, nayo ilikuwa ya boss. Ilifungua kila ruta tuliyokuwa nayo, kuanzia ile kubwa iliyokaa kwenye chumba cha ubaridi nyuma ya mapokezi mpaka zile ndogo zilizofungiwa kwenye masanduku ya bati kwa wateja wetu, mashirika, shule na zahanati. Pasiwadi yake tuliijua sote. Fundi wa antena aliijua, mtu wa stoo aliijua, na nadhani hata mama aliyekuwa akituletea chai alikuwa amebakiza herufi mbili tu aikamilishe.

Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye kitengo cha mtandao. Nilipelekwa Kenya nikiwa mdogo, nikasomea kompyuta Eldoret, kisha nikarudi Juba na Kiswahili cha shule na Kiarabu cha kuombea maji na kuulizia bei. Boss alikuwa Mkenya wa makamo, mpole wa sauti, aliyeamini kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Mwenzangu wa dawati la pili alikuwa wa kwetu lakini alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, hakina habari na ngeli. Nilimtania kwa hilo kila siku, naye alinijibu kwamba ruta hazijawahi kumsahihisha.

Yeye ndiye aliyeandika skripti yetu ya kwanza. Skripti, kwa asiyeijua, ni orodha ya amri unayoiandikia kompyuta mara moja, nayo inaingia kwenye ruta moja baada ya nyingine na kuzitekeleza bila kuchoka na bila kufikiri. Tulitaka kurekebisha saa za ruta zote, maana kila moja ilikuwa inaishi kwa saa yake. Tukaipa akaunti ya boss, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Mwenzangu aliiandika, mimi nikaipitia nikasema iko sawa, na sote wawili tulipitwa na mstari mmoja uliokuwa unafuta njia ya ruta kutokea mtandaoni badala ya kufuta mpangilio wa saa ya zamani. Tuliiwasha saa tatu asubuhi. Kufikia saa tatu na dakika kumi hatukuwa na mteja hata mmoja.

Tulizunguka mji siku nzima na laptopu mgongoni, tukifufua ruta moja moja kwa mkono. Rejaf nilifika mwisho kwa sababu ndiko mbali. Tulikuwa na zahanati ndogo kule, karibu na mto, na kwa kuwa simu za kawaida hushika kwa kubahatisha, mkunga aliyeisimamia aliita ambulensi na daktari wa Juba kupitia mtandao wetu. Asubuhi ile alikuwa na mama anayevuja damu. Aliita mara nyingi bila kupata mtu. Mwishowe akampakia kwenye pikapu ya watu waliokuwa wakipeleka mboga sokoni, akapanda naye nyuma, na wakafika. Mama yule alipona na mtoto wake akapona. Mkunga alinisimulia yote haya huku akinawa mikono, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Binti, niliita, niliita, mafi zol," aliniambia. "Kama hakuna mtu, mniambie mapema hakuna mtu. Nitapanga kazi yangu."

Afadhali angenitukana. Nilirudi Juba nimejaa hasira ambayo haikuwa na wa kumwendea isipokuwa mimi mwenyewe, na njiani nikaamua kwamba hakuna skripti itakayoingia tena kwenye ruta za watu ikiwa imebeba uwezo wote wa boss. Kesho yake nilimwambia hivyo. Alinisikiliza kwa upole wake, akaniambia skripti si mtu, haiibi. Nikamjibu kwamba mwizi angalau huchoka. Ubishi ule ulichukua wiki nzima, mimi ni mtu wa shingo ngumu na sijawahi kukana, na mwishowe boss akakubali ili apate kunywa chai yake kwa amani.

Ruta zetu zina ngazi za ruhusa. Aliye chini kabisa anaangalia vitu vichache tu. Aliye juu kabisa anaweza kufuta kila kitu, ruta ikabaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. Nilifungua akaunti mpya ya skripti na kuiweka karibu na chini kabisa, kisha nikaiongezea amri moja tu, ile ya kuonyesha mipangilio. Kazi yake ilikuwa kuingia kila asubuhi saa kumi na mbili, kusoma mipangilio ya kila ruta, kuhifadhi nakala na kutoka. Ruta ikifa, tunachukua nyingine stoo, tunaitia ile nakala, maisha yanaendelea. Mengine yote niliinyima, na niliinyima kwa raha.

Ilifanya kazi vizuri sana, au ndivyo nilivyodhani. Kila asubuhi nilikuta ripoti inayosema kwamba ruta zote zimesomwa na nakala zote zimefanikiwa. Nilikuwa na kichwa kikubwa siku zile. Nilimwita boss aone folda yangu, mafaili yamejipanga kwa majina na tarehe, na nikamwonyesha kwamba yote yana ukubwa unaokaribia kuwa mmoja, kama matofali. Kwangu huo ulikuwa utaratibu. Mwenzangu alisimama nyuma yetu akakuna kidevu.

"Sister, hii file yote iko sawa-sawa," alisema. "Ile ya Rejaf iko na vitu kidogo, ile ya hapa ofisini iko na vitu mingi. Mbona iko sawa?"

Nilimwambia ndivyo skripti iliyoandikwa vizuri inavyofanya. Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, na nililitoa kwa sababu nilikuwa nimeshashinda ubishi na sikutaka kuufungua upya. Yeye hakuendelea. Nikarudi kwenye meza yangu na folda yangu ya matofali.

Miezi ikapita. Kisha jenereta ya zahanati ya Rejaf ilifanyiwa matengenezo, ikawashwa na nyaya zimeunganishwa ovyo, umeme ukaingia kwa nguvu na kuichoma ruta. Mkunga alituma mtu hadi ofisini kutuambia. Nilichukua ruta nyingine stoo, nikapanda boda, na nikiri kwamba nilikwenda kwa furaha. Hii ndiyo siku niliyokuwa nimeipigania. Nilimwambia mkunga anipe nusu saa tu, nikaketi chini ya rakuba, kibanda cha kivuli kisicho na kuta, nje ya chumba cha dawa, nikaunganisha ruta mpya na kufungua nakala ya asubuhi ile.

Ilikuwa na mistari michache, haikujaza hata nusu ya skrini. Jina la ruta lilikuwepo, alama za mkato zilikuwepo, na mwishoni neno la kufungia. Hakukuwa na anwani, hakukuwa na njia za mtandao, hakukuwa na chochote ambacho ruta ingehitaji ili iongee na Juba. Nilidhani nimefungua faili lisilo lenyewe. Nikafungua la jana, likawa lile lile. Nikafungua la duka moja la mteja wetu mtaa wa Sherikat, nalo lile lile, jina tu ndilo lililobadilika. Nikafungua la ofisini kwetu, nalo halikuwa tofauti.

Nilielewa nikiwa nimekaa pale pale. Ruta zetu zilimwonyesha msomaji yale tu aliyokuwa na ruhusa ya kuyabadilisha. Skripti yangu haikuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu, kwa hiyo kila siku iliomba mipangilio yote, ikapewa ganda tupu, na ikaandika kwamba imefanikiwa. Ruta haikusema kwamba kuna kitu imekificha. Ilijibu kana kwamba hicho ndicho chote kilichokuwepo, na mimi nililitazama ganda lile kwa miezi na kulionyesha watu.

Masikio yangu yalikuwa ya moto kwa aibu. Nilikwenda kumwambia mkunga kwamba haitakuwa nusu saa, na kwamba kosa ni langu, si la jenereta. Hakuniuliza ni kosa gani. Alichana karatasi kadhaa kutoka kwenye daftari, akaziweka kwenye mfuko wa koti lake pamoja na kalamu, akatoka kwenda barabarani kuongea na vijana wa boda. Kwa siku mbili aliendesha zahanati kwa vikaratasi vilivyopelekwa Juba na boda. Nilimwona akimpa dereva kimoja, akimkanya asisimame popote, na kila pikipiki ilipoondoka alibaki pale barabarani kidogo akiitazama kabla ya kurudi kwa wagonjwa wake.

Mimi nilijifunga kibwebwe. Nusu ya mipangilio ya mazungumzo kati ya Rejaf na Juba ilikuwa bado imeandikwa kwenye ruta kubwa ya ofisini, kwa hiyo kutoka kwa nusu ile ningeweza kukisia nusu ya pili. Mwenzangu alinisomea kwa simu, mstari kwa mstari, namba kwa namba. Simu ilishika sehemu moja tu, nyuma ya tangi la maji, kwa hiyo nilisimama pale na daftari, nikaandika, nikarudi rakubani, nikajaribu, ikakataa, nikarudi kwenye tangi. Jua lilinichoma mpaka kope. Nilikosea namba moja siku ya kwanza na ikanigharimu alasiri nzima. Katika muda wote huo mwenzangu hakunikumbusha hata mara moja kile alichoniambia kuhusu mafaili, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angenikumbusha.

Siku ya pili saa nane mchana, ruta ikaitika. Mkunga alipiga simu moja ya majaribio kwa daktari wa Juba, wakasalimiana, akamwuliza hali ya mama mmoja aliyempeleka jana yake kwa boda na kikaratasi, akaambiwa yuko wodini na anakula. Akakata simu. "Kalas, imeisha," akasema, akarudi ndani.

Asubuhi iliyofuata boss aliniita. Alikuwa amechapisha faili langu moja kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa karibu nyeupe yote. Aliniambia skripti itatumia akaunti yake tena, kuanzia kesho, na suala limekwisha. Nilianza kujitetea, akainua kiganja.

"Dada, ile mara ya kwanza angalau tulijua tumeharibu," alisema. "Safari hii tulikuwa tunapongezana."

Ilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba akiirudisha akaunti yake ndani ya skripti, siku moja mimi au mwenzangu tutakosea mstari mwingine, na mkunga ataita tena asipate mtu. Kosa langu halikuifanya akaunti ya boss kuwa salama. Nilimwomba siku moja. Akasema kesho saa nne, baada ya hapo atafanya mwenyewe.

Siku ile sikula mchana. Niliweka ruta ya mazoezi mezani nikaanza kusoma maelekezo yake kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Nilichokitafuta kilikuwepo, kimeandikwa kwa maneno makavu katikati ya mengine mengi: kulikuwa na namna nyingine ya kuomba mipangilio, inayoonyesha kila mstari bila kupunguza, na namna hiyo unaweza kumruhusu msomaji wa ngazi ya chini bila kumpa kitu kingine chochote. Kosa langu la mara ya kwanza halikuwa ubahili wa ruhusa. Nilikuwa nimenyima bila kuangalia ninachonyima.

Nilifanya na mambo mengine ambayo ningepaswa kuyafanya tangu mwanzo. Skripti iliacha kujipongeza kwa sababu tu faili limeandikwa. Sasa ilitakiwa kutafuta anwani na njia ndani ya kila nakala, na ikizikosa iseme imeshindwa, kwa herufi kubwa. Mwenzangu akaniuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: kama nakala sasa ina kila kitu, hata siri za ruta, nani anaruhusiwa kufungua folda? Nilikuwa nimeiacha wazi kwa ofisi nzima. Safari hii nilimshukuru, nikaifunga, tukabaki wawili wenye ufunguo.

Kesho yake saa nne boss alikuja na kikombe chake. Nilimwonyesha nakala mpya, ndefu, nikaishusha mpaka mstari wa mwisho ili aione yote. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza nitajuaje kwamba akaunti hii ya kusoma haiwezi kufuta. Nikamwambia nimejaribu kwenye ruta ya mezani, imekataa.

"Ya mezani haimhusu mtu," alisema. "Jaribu ya Rejaf."

Nilikuwa na hakika kwamba itakataa, lakini nilikuwa na hakika vile vile kuhusu matofali yangu. Nilitaka kumwambia kwamba huo si utaratibu, hatujaribu sumu kwa mgonjwa, na maneno yalikuwa mdomoni. Ila nilijua kwamba kama siwezi kuandika amri ile mbele yake, basi siamini nilichojenga, na kama siamini, ana haki ya kukitoa. Nikamwambia sawa, lakini kuna mtu wa kuombwa ruhusa kwanza.

Nikampigia mkunga kupitia mtandao ule ule. Nilimweleza kwa maneno mepesi kwamba nataka kujaribu kuifuta ruta yake, na kwamba inatakiwa ikatae. Akaniambia ningoje, ana mama mezani. Tuliingoja simu yake, boss na mimi na mwenzangu, karibu saa nzima, hakuna aliyerudi kwenye kazi yake. Alipopiga sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini hana shida.

"Na ikikubali?" aliuliza.

"Nitakuwa hapo leo hii, mama. Safari hii nina nakala yote, nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho."

Nilisikia mtoto mchanga akilia nyuma yake, kilio kile kikali cha saa za kwanza.

"Jaribu," akasema. "Mimi sikati simu."

Niliingia kwenye ruta ya Rejaf kwa akaunti ya skripti. Niliandika amri ya kufuta kila kitu, nikaikagua herufi kwa herufi kwa sababu sikutaka ikatae kwa kosa la tahajia, na nikabonyeza. Ruta haikusema nimekatazwa. Ilijibu kwamba haiijui amri hiyo, kana kwamba katika dunia ya akaunti ile kufuta hakujawahi kubuniwa. Niliiandika tena, ikajibu vile vile. Kwenye simu mtoto alikuwa bado analia, na mkunga akauliza kama tumeshaanza. Nikamwambia tumemaliza. Nilisema hivyo na machozi yakanitoka mbele ya boss, jambo nililokuwa nimeapa halitatokea ofisini.

Boss aliweka kikombe chini. Alisema skripti ibaki na akaunti yake hii ya kusoma, na kwamba yeye hana neno tena. Angeweza kuondoka hapo na ningekuwa nimeshinda. Lakini nilikuwa nimeshashinda mara moja na nilijua kulinifikisha wapi, kwa hiyo nikamwambia kazi haijaisha, imebaki akaunti moja.

"Ipi?"

"Yako, boss. Tunaijua wote."

Alitutazama mmoja mmoja. Mwenzangu alishusha macho. Boss akauliza kama nataka aibadilishe pasiwadi, hata mimi fundi wake niliyefufua ruta hizi kwa mkono nisiijue. Nikamwambia hasa mimi. Nina akaunti yangu inayotosha kwa kazi zangu, na siku nitakayohitaji zaidi nitakuja kumwomba, naye ataniuliza ninataka kufanya nini, na itabidi nimweleze kwa sauti kabla sijagusa kitu.

Alivuta kiti akakaa kwenye meza yangu. Nikamfungulia ukurasa wa kubadilisha pasiwadi, nikasimama, nikageuka nikatazama ukuta. Nilimsikia akiandika polepole kwa vidole viwili, akafuta, akaandika tena, na sikugeuka mpaka aliponiambia amemaliza.